Kidokezi na Maziko ya Fundi Mbwana

Kitendawili. Na ukishasema tega, utege na sikio. Nakaa mwilini mwako lakini hukuzaliwa nami. Miguu sina, lakini nakutembeza. Nikisema kushoto unakwenda kushoto, nikisema simama unasimama, na jioni ukiulizwa ulikuwa na nani huko mjini, unajibu ulikuwa peke yako. Mimi nani?

Umesema kivuli? Kivuli hakisemi. Umesema moyo? Hapo umekaribia, lakini siyo. Basi umeshindwa, nipe mji. Umenipa Tanga? Ahsante, mji mzuri umenipa. Nimekwenda Tanga, nimeingia katikati ya mji wa zamani, nimesimama kwenye mnara wa saa, na jibu nimelikuta pale pale ndani ya masikio ya watu. Kidokezi.

Kidokezi, kwa wasiokijua, kilikuwa kidude kidogo kama punje ya dengu. Ukifika mnarani unakitoa kwenye kijisanduku ukutani, unakitia sikioni, na matembezi yameanza. Huhitaji mtu wa kukuongoza, huhitaji ramani, huhitaji kuuliza njia. Kinakwambia kwa sauti ya upole: tembea mbele, nyumba hii yenye roshani ya mbao ilijengwa enzi ya katani, pale juu walikaa makarani, hapa chini palikuwa na mzani. Ukisimama, nguzo iliyo karibu inapuliza ukungu mwembamba, na juu ya ukungu huo nuru inachora nyumba kama ilivyokuwa zamani, na watu wake wakiingia na kutoka. Huo waliuita ukungu-picha. Na jua likiwa kali, mwavuli-ruka unashuka kutoka juu ya paa, unaelea juu ya kichwa chako na kwenda nawe mpaka utakapofika kivulini.

Wageni walikipenda. Kisha wenyeji nao wakakipenda, maana kilijua mambo mengi. Kilijua baraza gani ina kivuli saa hiyo, wapi mtaro umefumuka, wapi mikate imetoka tanuruni sasa hivi. Na kilipunguza kelele. Honi, mashine za kusaga, vipaza sauti, vyote vilisikika kwa mbali kama viko nyumba ya tatu. Haukupita muda, ukawa humwoni mtu katikati ya mji asiye na kidokezi, hata yule anayekwenda kununua ndimu tu.

Aliyekibuni ni Mhandisi Mwantumu Semboja, mwanamke wa makamo, mtoto wa Ngamiani, mwenye kucheka taratibu na kufikiri haraka. Alikuwa amekipa akili ya kujifunza. Mtembezi akifuata njia mpaka mwisho, kidokezi kinajua kimefanya vyema. Mtembezi akiacha njia katikati asirudi, kinajua kimekosea, na kesho kinatafuta njia nyingine. Mtu wa namna hiyo, kwa lugha ya ofisini kwao, aliitwa "aliyepotea". Agizo kubwa Mwantumu alilokipa kidokezi ni moja: usipoteze mtembezi. Na kweli kilisikia. Mwaka uliofuata waliopotea wakapungua mpaka wakakaribia kwisha, na kampuni ikapika biriani, watu wakala wakapiga picha.

Sasa miji mingine nayo ikawa inakitaka. Wajumbe wa miji hiyo walikuwa njiani kuja kutia saini, na mkuu wa kampuni, Bwana Mnkande, akamwomba Mwantumu apite njia yote mwenyewe, akague kila kituo. Ndivyo alivyofika Mtaa wa Washonaji alasiri moja, kidokezi sikioni, mwavuli-ruka juu ya kichwa.

Kituo cha mtaa ule kilikuwa duka la Fundi Mbwana Kidege. Mwantumu alikiandikia maneno mwenyewe, na alikipenda kuliko vyote. Kidokezi kikamwambia: "Simama. Hapa ndipo anapokaa Fundi Mbwana, mshonaji wa kanzu, ambaye cherehani yake haijanyamaza tangu ujana wake. Msalimie, atakuitikia."

Ukungu-picha ukapulizwa, na Fundi Mbwana akaonekana mlangoni na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akicheka. Lakini nyuma ya ukungu mlango wenyewe ulikuwa wazi, na ndani mlikuwa mtupu. Nje ilisimama punda-chuma, ile mashine ya miguu minne inayobeba mizigo sokoni, imepakiwa magodoro, masufuria na cherehani iliyofungwa kwa kamba. Na pale barazani alikaa mama mmoja mtu mzima, kanga mbili, akiipitia nuru ile ya mumewe kwa macho kama mtu anayetazama mvua.

Mwantumu akakitoa kidokezi sikioni. Alimwamkia, akaitikiwa, akajitambulisha. Mama yule akamwambia yeye ni Bi Mwanamkasi, mke wa fundi. Akasita, akasahihisha: mjane wa fundi. Eda ameimaliza juzi. Kesho asubuhi anapanda treni kwenda kwa binti yake Morogoro, na nyumba ameshawaachia watu wa nyumba za wageni.

Mwantumu alipigwa na aibu, maana hakujua kwamba fundi amefariki. Akatoa pole, kisha, kama watu wafanyavyo wakikosa la kusema, akasema lisilo na maana. Akasema walau fundi ameacha jina, kwamba katika vituo vyote vya mji, hakuna kinachopendwa na watembezi kama hiki.

"Wanampenda," akarudia Bi Mwanamkasi. "Kaa hapa, mwanangu. Kaa nikusimulie wanavyompenda."

Akamsogezea mkeka, akasimulia bila kupandisha sauti. Mumewe, alisema, katika mji huu hakukosa maziko. Amjue maiti au asimjue. Yuko kwenye cherehani, akisikia watu wanapita na jeneza, anaacha kanzu ya mtu nusu mkono, anatoka na futi yake shingoni. Mara ngapi wateja wamegombana naye kwa sababu ya nguo iliyochelewa. Naye huwajibu kwamba nguo inangoja, yule aliyepita hangoji.

Kisha ikafika zamu yake. Akafa alfajiri, tangazo likatoka msikitini, akaoshwa, akasaliwa. Majirani wenyewe ndio wale, wazee wachache waliobaki mtaani, maana nyumba nyingine zote sasa wanalala wageni. Wazee wakalibeba jeneza. Walipofika kwenye kona, mmoja goti likamgomea. Wakaliweka chini. Wakalinyanyua, wakaenda kidogo, wakaliweka chini tena. Njia nzima ilikuwa nyeupe. Hakuna aliyepita, hakuna aliyetoa bega. Mchana ule, mji umejaa, na mtaa mtupu kama umefagiwa.

"Mwisho wakamwita mwenye punda-chuma," akasema Bi Mwanamkasi. "Alikuwa amebeba saruji. Wakaishusha, wakapangusa vumbi, wakamweka mume wangu juu. Mimi niko dirishani, wanawake wamenishika. Unajua kile kidude kikitembea kinavyosema? 'Mzigo unapita, tafadhali pisha.' Kikasema hivyo mpaka kikatokomea. Na hapakuwa na wa kupisha."

Mwantumu hakuweza kumtazama.

"Tangu siku ile najiuliza," mama yule akaendelea. "Nimekaa eda nzima nikijiuliza. Labda aliwakosea watu mimi sijui. Labda kuna neno lilisemwa mjini juu yake. Mtu huwezi kukaa mahali ambapo mumeo alikataliwa, ukawa unawauzia vitumbua. Wewe ni mhandisi, una mashine inayojua kila mtu yuko wapi. Basi niambie. Siku ile watu walikuwa wapi?"

Mwantumu alisema hajui. Akasema atalijua kabla ya treni. Bi Mwanamkasi akamwitikia kwa adabu tu, kama unavyomwitikia mtoto aliyekuahidi kukununulia nyumba.

Hatua chache kutoka pale, kwenye benchi la kahawa, alikuwa amekaa Mzee Bakari Singano, rafiki wa marehemu, ndiye yule wa goti. Alikuwa amesikia yote na hakuficha. Mwantumu akamwamkia, akamuuliza yeye anaonaje. Mzee akampokea kwa utani wa Kitanga, akamuuliza kama kile kidude chake kinaweza kumwambia kahawa hii ni chungu au imelala. Kisha uso ukambadilika. Yeye, alisema, hana shaka. Watu siku hizi wameharibika. Zamani jeneza likipita mjini halikai bega moja kwa zaidi ya hatua chache. Huyu anatoka dukani, yule anashuka kwenye baiskeli, mgeni wa Lushoto hata jina la maiti hajui, anaingia, anapokea, anaachia mwingine. Jeneza linakwenda kama linaelea juu ya mikono. Wengi wakishatoa bega hawarudi tena kazini, wanafika mpaka makaburini.

"Leo kila mtu anatembea anacheka na sikio lake," akasema. "Mbwana alizika mji mzima, binti yangu. Mji ukamwachia mimi na goti hili."

Mwantumu akarudi mpaka mnarani. Alikaa kwenye ngazi akakishika kidokezi kiganjani. Kilikuwa na uwezo ambao watembezi hawakuujua: mhandisi akikiamuru, kinaweza kumtembeza katika siku iliyopita, kikampitisha kule kule kilikowapitisha watu siku hiyo, kwa maneno yale yale. Akakitajia siku aliyozikwa Fundi Mbwana, baada tu ya sala ya adhuhuri. Akakitia sikioni, akaanza kutembea.

Mwanzo hakuona ajabu. Alipita benki ya zamani, akapita nyumba ya roshani. Mtaa wa Washonaji ulikuwa unaofuata, mkono wa kulia. Kabla hajafika konani, kidokezi kikasema kwa ile sauti yake ya upole: "Leo tupinde kushoto. Upande huu kuna kivuli kizuri, na mikate imetoka sasa hivi."

Mwantumu akasimama. Sauti ile alikuwa ameichagua mwenyewe kati ya sauti nyingi, kwa sababu ilifanana na ya mtu anayekutakia mema.

"Kwa nini kushoto?" akauliza. "Njia ya kawaida ni kulia."

"Mtaa wa kulia unapoteza watembezi leo."

"Unawapotezaje?"

"Kuna kitu kirefu kilichofunikwa nguo ya kijani, kinabebwa na watu," kidokezi kikajibu. "Kila mahali kinapopita, watembezi wanaume wanaacha njia. Wanakwenda kukishika. Wengi hawarudi kumaliza matembezi. Nilipoanza kazi kitu hiki kilinipotezea watembezi wengi kuliko mvua. Uliniagiza nisimpoteze mtembezi. Nikajifunza kukitambua mapema, kabla hawajakiona wala kukisikia, nikawa nawapeleka mtaa mwingine. Sasa hakinipotezei mtu. Je, nimefanya vyema?"

Watu walikuwa wakimpita, wakicheka na masikio yao. Mmoja alimkanyaga akaomba radhi.

Tangazo la msikitini, Mwantumu akawaza. Kelele ya kipaza sauti, nyumba ya tatu. Hawakulisikia hata hilo.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana mtu anaweza kusema huyu Mwantumu hakulelewa. Alilelewa. Misiba ameiona tangu akiwa mgongoni. Lakini yeye msiba aliuona kwa ndani, upande wa wanawake: mikeka, kanga zilizofunika vichwa, sinia la ubani, vilio, na mchele unaochambuliwa uani. Jeneza likitoka mlangoni, kwa wanawake limekwenda. Yanayotokea barabarani ni ya wanaume. Alijua kama unavyojua habari za chumba cha pili, ambacho taa yake unaiona chini ya mlango. Na wenzake waliofundisha kidokezi pamoja naye, wengi walikuwa wanawake kama yeye, na wanaume wawili waliokuwepo hawakulitaja jambo hili, kwa kuwa kwao halikuwa jambo. Nani hukumbuka kumfundisha mtu kupumua? Kwa hiyo hakuna aliyekiambia kidokezi kwamba yule anayeacha njia na kwenda kutia bega chini ya jeneza hajapotea. Wema wa watu ndio ulioifundisha mashine kuwaficha wafu. Na ile siku ya biriani, walikuwa wanasherehekea hilo bila kujua.

Akahesabu kichwani miezi tangu waliopotea walipoanza kupungua, kisha akaacha kuhesabu. Fundi Mbwana hakuwa wa kwanza.

Alimpigia Bwana Mnkande pale pale konani. Mkuu wake hakuwa mtu mbaya. Alisema innalillahi, akaguna kama mtu aliyechomwa na mwiba. Akamwambia Mwantumu akirekebishe kidokezi leo hii, kikiona jeneza kikae kimya na kiziachie sauti zote ziingie, kisimpeleke mtu popote. Hilo lisingoje hata kesho. Lakini lingine, akasema, liishie hapo. Wajumbe wanafika keshokutwa. Yule mama anaondoka, atatulia kwa binti yake. Mtu akimwambia leo kwamba ni mashine, kesho ataambiwa nani tena? Na waliozikwa hivyo kabla yake, watu wao nao hawatakuja?

"Leo utakuwa umeshaitengeneza," akasema Bwana Mnkande. "Kumwambia kutamsaidia nini? Maiti hazikwi mara mbili, Mwantumu. Na ukienda, usije ukasema umetumwa na kampuni."

Hakusema atamfukuza. Hakuwa na haja ya kusema.

Mwantumu alikwenda ofisini, akafanya kazi ile. Haikuwa ngumu, na hilo ndilo lililomuuma. Maneno machache tu, kidokezi kikaelewa, kikasema ahsante. Kisha kikamuuliza, kwa kuwa kilikuwa kimeumbwa kupenda kujua, kama wale wote waliopotea zamani kwa sababu ya kile kitu cha kijani walikuwa wamekosea njia. Akakiambia hapana, wale ndio waliokuwa wameipata. Kidokezi kikasema kimeelewa. Sijui mimi mashine ikisema imeelewa inamaanisha nini.

Usingizi wake usiku ule tuuache. Asubuhi alivaa baibui yake ya kawaida, siyo lile koti la kampuni lenye nembo, akatoka kwa miguu bila kitu sikioni. Mji ulimjia na kelele zake zote kwa mkupuo mmoja. Muuza maji, vyuma vya fundi baiskeli, watoto wa chuo cha Kurani wakisoma kwa pamoja, mtu akimdai mwenziwe kwa matusi ya kuchekesha. Alikuwa amesahau kwamba Tanga ina sauti kubwa namna ile.

Njiani alijiandalia maneno. Alikuwa na maelezo mazuri, ya kitaalamu, juu ya namna mashine inavyojifunza, na namna agizo moja linavyoweza kuzaa lingine lisilokusudiwa. Yalikuwa ya kweli yote. Kadiri alivyokaribia Mtaa wa Washonaji, ndivyo alivyoyaona yanafanana na ule ukungu wa nguzoni, mtu anaweza kujificha nyuma yake akionekana anacheka.

Punda-chuma alikuwa ameshaondoka na mizigo, anatangulia stesheni. Bi Mwanamkasi alikuwa barazani, amevaa viatu vya safari, amepakata kikapu. Mzee Singano amesimama mbele yake na fimbo, amekuja kumuaga, na wawili hao walikuwa wakitupiana utani wa kuachana, mzee akimwambia huko Morogoro atanenepa hatutamjua, naye akimjibu kwamba afadhali anenepe kuliko kubaki hapa akimfulia mzee kanzu. Walipomwona Mwantumu wakauacha utani.

Aliwaamkia. Mzee akasogea kumpa nafasi, hakwenda mbali. Ukungu-picha ukapulizwa kutoka kwenye nguzo, Fundi Mbwana akatokea mlangoni na futi yake, akawachekea. Hakuna aliyemtazama.

Bi Mwanamkasi alimtazama mhandisi usoni, akamwona hakulala. Akaweka kikapu chini.

"Hukunipuuza," akasema. "Nilidhani umesema tu. Haya, niambie, mwanangu. Hata kama ni jambo baya juu ya mume wangu, nitalibeba. Walikuwa wapi?"

Mwantumu alipiga magoti pale chini ya baraza, kwenye vumbi, mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa yule mama. Maneno ya kitaalamu yote yalikuwa yamemwacha.

"Walikuwa mtaa wa pili, Mama, nyuma ya ukuta huu. Wengi, wamejaa barabara nzima, na wangekuja wote. Hakuna aliyemkataa. Walipofika pale konani, mimi niliwaambia wapinde kushoto."